Dactylo wa Jardin

Ijumaa, 31 Mai 2002

Bureau ya masomo hapa Bunia imefungwa tena. Chef haiko. Cachet, muhuri yake, iko ndani ya droo yake, ufunguo ya droo iko ndani ya mufuko yake, na yeye mwenyewe iko kwa kilio. Kilio gani ya siku tatu? Nikamuuliza planton wa mulango. Akaniangalia kama mutu ameshuka leo kutoka mbinguni. «Madame, hapa vilio vinafuatana.»

Basi niko na liste ya watoto makumi ine na mbili wa sixième, darasa ya sita, ndani ya enveloppe. Nimetoka nayo Mahagi siku moja nzima juu ya kamioni, kiuno inauma mpaka sasa, na hakuna mutu wa kuigonga cachet. Bila cachet watoto wangu hawafanye test. Nifanye nini? Nirudi kwa Claire kuchagua maharagi? Claire ni mutoto ya mama yangu mudogo, ananilalisha kwake kwa mtaa ya Lumumba, ninamupenda sana, lakini maharagi yake haina mwisho.

Nikavuka barabara. Kumbe mbele ya bureau iko jardin!

Kwa kitabu ninafundishaga watoto «bustani». Hapa watu wote wanasema jardin tu. Ni ya Wabelgi, kwa mulango wameandika 1938. Miti mirefu, na kila muti iko na kibao kidogo ya chuma, jina ya Kilatini. Katikati iko bassin bila maji, ndani wamepanda mboga ya lenga-lenga. Bancs sita za ciment, za kukalia. Na pelouse, majani mafupi ya chini — imekatwa kama kichwa ya mutoto siku ya kuanza masomo. Ukuta ya bureau iko na matundu ya risasi tangu mwaka jana, na ngambo ya barabara mutu anapanga mawe na kuyapaka chokaa! Nilisimama nikacheka peke yangu.

Filimbi. Prrrr!

Nilikuwa nimekanyaga pelouse. Mwenye filimbi ni mama wa miaka kama makumi tano na tano, boti ya plastiki miguuni, anaitwa Mama Honorine. Baba yake alipanda hizi miti pamoja na agronome muzungu, bwana-shamba. Baba akakufa, akamuachia filimbi. Mushahara ilikatika, yeye hakukatika. Akanionyesha banc namba tatu, akasema ninaweza kukaa pale kama mutu mwenye akili.

Nikakaa. Saa saba na nusu watu wakaanza kukusanyika kwa meza moja chini ya jacaranda. Juu ya meza, machine ya kuandika na radio. Sénégal na France! Miye mupira haiko kintu yangu, lakini nani atabaki kwa banc wakati Mwafrika anamupiga mukubwa wake wa zamani? Bao ilipoingia watu wote wakakimbia kwa pelouse. Mama Honorine akapiga filimbi mpaka mashavu ikavimba, kisha naye akaruka, akacheza katikati ya pelouse na boti yake. Na mutu mumoja akanikumbatia. Akaniachilia mbio, akaomba pole mara ine. Ni yeye mwenye radio na machine. Dactylo, mupiga-machine. Iko na masikio makubwa kama ya mutu anayesikiliza habari za nyumba ya tatu.

Nimerudi kwa Claire na viatu yenye majani. Sijachagua hata haragi moja.


Jumamosi, 1 Juin

Claire ananiuliza kwa nini ninavaa kikwembe ya misa kwenda kungoja cachet, na Samedi bureau haifungukake.

Swali muzuri.


Jumapili, 2 Juin

Misa, kisha jardin. Dimanche jardin inajaa: mabibi na mabwana wanatembea polepole, watoto na soksi nyeupe, mutu wa picha na maua yake ya plastiki. Ungesema hakuna vita hata moja katika Ituri yote. Mama Honorine alinitembeza muti kwa muti kama mugeni wa serikali. Hii ililetwa kutoka Java. Hii agronome aliipanda siku bibi yake alizaa. Hii ilipigwa na radi mwaka ya uhuru na haikuanguka. Ninaamini nusu.

Nusu ingine nimeona na macho yangu: wanajeshi wawili waliingia na bunduki. Prrrr! Akawaonyesha mulango. Hapa bunduki inabaki inje, iko vile tangu baba yake. Nilisema ndani ya roho: leo tunakufa. Wale vijana wakaangaliana, mumoja akarudi kusimama kwa mulango na bunduki mbili, mwingine akaingia, akatembea kidogo kwa njia ya mawe, mikono nyuma, kama préfet wa masomo. Kisha wakabadilishana.

Dactylo hakuwa. Dimanche hafanyake kazi. Nilijiambia: ni muzuri, nimekuja kuona miti. Nikaona miti. Miti, miti, miti.

Saa tisa akafika, chemise imepigwa pasi, bila machine. Ati amekuja kuangalia kama mvua imenyesha meza yake. Mvua! Tangu juzi haijanyesha hata tone. Akaangalia meza. Ilikuwa kavu. Akaketi.

Anaitwa Vital. Miaka makumi tatu na sita, hajaoa, hana bibi, alikomalia Kisangani, iko na Lingala ya kule, na miaka munane sasa iko Bunia. Nilimuambia: Geneviève, mwalimu, Mahagi, makumi tatu na tatu, na hiyo ya mwisho hakuniuliza! Ilitoka yenyewe. Mudomo yangu siku moja itaniuzisha.


Jumanne, 4 Juin

Chef alirudi kutoka kilio ya kwanza, akaenda kwa ya pili. Mungu awapumuzishe wote wawili. Simuombee arudi mbio.

Nimejua sasa kazi ya Vital. Mutu anakuja na brouillon yake, andiko ya kwanza, imeandikwa na kalamu ya bic, anaiweka kando ya machine, Vital anaisoma kimya kwanza, anatengeneza Kifaransa, kisha anapiga. Wasiojua kuandika wanasema na mudomo. Barua ya kuomba kazi, ya kuomba shamba, ya kumuomba bwana arudi. Leo mutu alifanya barua ya kumukataza jirani mbuzi yake, na yote inaanza na ile maneno yetu siye Wakongomani wote tunayozaliwa nayo: J'ai l'honneur de venir très respectueusement, niko na heshima ya kuja na unyenyekevu wote... Hata mbuzi!

Wateja wakiisha, vidole yake haitulie. Alitoa kipande ya karatasi kwa machine, akamupa Mama Honorine aniletee. Ninacho hapa:

«Madame wa banc namba tatu. Tunakujulisha ya kama banc namba mbili iko na kivuli kuipita, na iko karibu na dactylo.»

Nikacheka mpaka filimbi ikalia. Kucheka kwa nguvu pia ni défendu, imekatazwa, tangu 1938, ati. Nikahamia banc namba mbili. Tulipelekeana karatasi mpaka saa kumi, wakati anafunga. Mama Honorine alichoka kuwa posta, akasema tuko na midomo, tuitumie.

Claire anasema ninaimba nikiosha sahani. Uongo. Nilikuwa ninapumua tu, na sauti.


Jumatano, 5 Juin

Risasi tangu asubui, upande ya juu. Claire amefunga madirisha. Siku nzima chini ya kitanda na watoto wake watatu, mumoja juu ya tumbo yangu. Tulisali rozari tatu.

Kati ya rozari nilifikiria masikio ya mutu. Mungu anisamehe.


Alhamisi, 6 Juin

Iko muzima! Wote iko wazima, jardin pia, muti moja tu imepoteza tawi. Mama Honorine amelifunga na kamba kama mukono umevunjika.

Kwa njia nilipita barrière moja mupya, karibu na soko. Vijana, kamba katikati ya barabara. Hawaulize karatasi kwanza. Wanauliza: uko wa wapi? Nilisema Mahagi, wakaniachilia. Mwanamume mbele yangu alifikiri kidogo mbele ya kujibu, wakamukalisha kando. Nilipita mbio, sikugeuka. Hiyo nayo niiandike, juu ni kweli.

Nilimuhadisia Vital, akatia karatasi kwa machine. Wateja hawakuwa. Akapiga neno moja kwa karatasi, bila kuitoa kwa machine, akaniita na kichwa nisome.

Aveba.

Nikamuangalia. Akapiga tena: «Baba alitoka kule. Babu pia. Miye nilienda Kisangani ningali mutoto mudogo.» Kisha akaipiga x juu yake yote, xxxxxxxxx, mpaka karatasi ikatoboka, akaitoa, akaipasua, akatia ndani ya mufuko.

Siye wa Mahagi hii jina haituchome. Ni fasi ya watu wa kulima, kule chini ya Irumu. Lakini hapa Bunia, kwa wale vijana wa barrière, kusema Aveba ni kusema adui. Karatasi yake ya kitambulisho inasema Kisangani, Lingala yake inasema Kisangani, na miaka munane hakuna mutu amejua. Hata mwenye nyumba. Hata Mama Honorine. Sasa ninajua miye.

Nikamuuliza kwa nini ananiambia. Akasema — na mudomo, polepole — ati mutu hawezi kupendwa nusu.

Kupendwa! Alisema kupendwa. Nimetembea mpaka kwa Claire na sijui nimepita barabara gani.


Ijumaa, 7 Juin

Siku ya mambo yote!

Moja. Chef amerudi. Amegonga cachet, tap, tap, tap, page tatu. Watoto wangu watafanya test. Mushukuru Mungu. Kamioni ya Mahagi inaondoka mardi, Jumanne.

Mbili. Kamioni imeniletea barua kutoka kwa kaka Michel. Tangu baba amekufa Michel ndiye mukubwa wa nyumba, na anaandika kama yeye ni commissaire. Paul, ule mufanya biashara mwenye kupoteza bibi, mwenye shingo tatu, anataka kuja kugonga mulango, yaani kuniposa. Michel amekwisha kumuambia aje Mercredi, Jumatano. Yaani nikirudi Mardi, Mercredi ninamukuta kwa salon. Jumatatu saa ine niende kwa phonie, ile radio ya kuongelea na watu wa mbali, tuongee.

Tatu. Nilimusomea Vital hii barua. Masikio yakakuwa nyekundu. Akatia karatasi mupya kwa machine, karatasi muzuri, ya wateja, akapiga bila kusimama. Ninaiandika hapa vile iko:

«Kwa Bwana Michel, kaka mukubwa, Mahagi. Objet: kugonga mulango. Bwana, niko na heshima ya kuja na unyenyekevu wote mbele ya wema wenu mukubwa kuomba ruhusa ya kupiga hodi kwa nyumba yenu juu ya dada yenu Geneviève. Niko na afya muzuri, machine moja, radio moja, roho moja. Ninangoja jibu yenu kwa subira, lakini haiko subira mingi.»

Signature. Na cachet! Alitengeneza cachet na kiazi na wino ya ruban ya machine!

Nililia, nikacheka, nikakanyaga pelouse. Mama Honorine alisoma yote juu ya bega yangu na hakupiga filimbi.


Jumapili, 9 Juin

Siwezi kulala muchana, siwezi kula. Claire anasema niko na malaria. Nimemuambia jina, nimemuambia kazi, nimemuambia masikio. Ile ingine sikumuambia.

Nimekumbuka kintu moja inanitisha kidogo. Kwa nyumba yetu, mutu akitaka kugonga mulango, wanaume wanauliza mambo yao: ngombe, kazi, kanisa. Mama anauliza moja tu. Babu yake analala wapi? Anataka kujua kaburi. Mutu asiyejulikana kaburi ya babu yake, mama anasema, ni upepo, na upepo hauoi. Na kwa kaburi hakuna uongo. Shangazi yetu mumoja alidanganya kwa kaburi ya babu ya bwana yake, watoto watano walitoka kwa tumbo na hakuna mumoja aliyetembea. Miye nimesoma, ninafundisha sayansi. Lakini kwa kaburi sidanganye.

Nimemuambia Vital. Tulikaa kwa banc namba mbili, mikono karibu, haigusane, kwa sababu ya Mama Honorine. Akasema niseme yote kwa mama, yeye haone haya ya babu yake. Lakini hiyo neno, nisiiseme kwa phonie. Kwa phonie watu kumi wanangoja zamu nyuma yako na kila mutu anasikia. Niiseme nikifika, mudomo kwa sikio.

Nimeahidi. Ni kintu rahisi. Nitasema: mama, ungoje mpaka mardi.

Tulitembea njia yote ya mawe, mara tatu, kama wageni kutoka Ulaya. Alinionyesha muti ya Java. Nilijifanya sijaiona. Kesho saa hii Michel atakuwa amejua.


Jumatatu, 10 Juin

MAMA AMEKUBALI!

Niandike mbio na muzuri, nisisahau hata kidogo.

Phonie ilijaa, watu kwa bancs mbili mpaka inje. Opérateur, kijana na casque masikioni, anapiga kelele kama kwa soko: Mahagi, Mahagi, unanipata, à toi, zamu yako. Yangu ikafika saa munane. Michel! Sauti yake kama mutu ndani ya ngoma. Nikamuambia iko mutu, anaitwa Vital, ni dactylo, anafanya kazi kwa jardin, ameandika demande. À toi. Michel akasema amekwisha kutoa neno yake kwa Paul. Nikasema neno ni yake, mwili ni yangu. À toi! Watu wa banc wakacheka, mama mumoja akapiga mikono. Nilijisikia kama niko kwa radio.

Kisha mama yangu akashika. Mama hajawahi kushika phonie katika maisha yake. Alinisalimia mara tatu, akauliza kama ninakula. Kisha: huyo mutu, babu yake analala wapi?

Nikasema mama, ungoje mardi, nitakuambia nikifika.

Mama akasema mardi iko mbali. Paul alijibu hapo hapo, babu yake analala nyuma ya kanisa ya Mahagi, watu wote wanajua. Kama ya huyu haijulikane, Michel atawapokea watu ya Paul Mercredi, na yeye mama hatakuwa na neno. À toi.

Phonie ikalia shhhhh. Ningefanya nini? Mama aliningoja kule ngambo. Ningesema Kisangani, ningedanganya kwa kaburi. Ningenyamaza, Mercredi shingo tatu kwa salon. Nikasema Aveba.

Hasikie. Rudilia. Aveba, mama! Hasikie. Aveba!! Opérateur, mutu mwema, alinihurumia, akashika micro yeye mwenyewe: «Mahagi, Mahagi, anasema Aveba, A kama Antoine, V kama Véronique, Aveba, umepata? À toi.»

Na mama — oh, mama yangu — akasema: Aveba. Baba yako alipitaga kule na ngombe wakati ungali mugongoni mwangu. Mvua ikamushika, watu wa kule wakamupa kitanda, wao wenyewe wakalala chini. Mwambie aje.

Mwambie aje! Nilimubusu opérateur kwa casque. Nilipogeuka, watu wote wa banc walikuwa kimya, waliniangalia, hata ule mama wa kupiga mikono. Nilisema ndani yangu: wamenisikiliza mpaka mwisho kama hadisi. Kijana mumoja na chemise ya njano akasimama kunipisha, akasema félicitations Madame. Ni ule dactylo wa jardin, ule wa chini ya jacaranda? Nikasema ndiye! Anafungaga saa ngapi? Saa kumi, nikasema, saa kumi kamili. Akasema muzuri, watamupitia kumupongeza.

Watu wa Bunia iko na roho muzuri, vita yao na yote. Ninapitia kwa Claire kumuambia, nivae kikwembe ya misa, kisha jardin. Nitamuambia polepole. Hapana, nitamuambia mbio!


Jumatatu hiyo hiyo, jardin, saa tisa kupita

Niandike.

Claire alikuwa na maharagi. Nilimuambia yote, nikizunguka kwa nyumba, nikifunga kikwembe ya misa. Akaniuliza: ulisema wapi? Kwa phonie. Ulisema nini kwa phonie? Akaweka kungo ya maharagi chini. Hakunikaripia. Aliketi tu juu ya kizingiti, akafunika mudomo na kikwembe yake. Ni pale nilijisikia nikisema ile neno, mara tatu, na ya opérateur ni ine. Miye niliahidi. Mutu aliitunza miaka munane, na miye siku ine.

Nilikimbia. Kwa mulango ya jardin iko vijana wawili, wamesimama, hawaingie. Waliniachilia nipite, wakanisalimia.

Vital iko kwa meza. Mbele yake, muteja ameketi, anasema, Vital anapiga. Muteja ni chemise ya njano.

Niko kwa banc namba mbili. Kama metre kumi. Chemise ya njano ananiangalia mara kwa mara, anatabasamu. Anafanya barua kwa mama yake, ninasikia: mama, niko muzima, usihangaike. Anaisema polepole. Anaacha kidogo, anafikiri, anaongeza jirani wa kusalimia. Anangoja saa kumi, jardin ifungwe, watu watoke. Vital hajui. Aliponiona amenyanyua macho, amenyanyua nyusi: mama alisema nini? Anaona kikwembe ya misa. Anacheka na macho. Nilimutikisia kichwa, ndiyo. Sikujua kufanya ingine.

Nikiita, wale wa mulango wanaingia. Nikimukaribia na kumunongoneza, chemise ya njano atasikia.

Mama Honorine amepita na arrosoir. Hakuniangalia. Ameniwagilia maji karibu na miguu na kusema, kama anaongea na maua, ya kama nyuma ya bambou, ile mianzi ya mwisho ya jardin, ukuta imeanguka, mutu anapita akiinama. Sijui nani amemuambia. Labda hakuna mutu amemuambia. Ameenda kwa mulango na filimbi kwa mudomo, anawagombeza wale wawili juu ya mawe ya chokaa. Wanageuka kumusikiliza.

Wateja wanamuletea Vital brouillon. Anasoma kimya kwanza, kisha anapiga. Miye pia ni muteja. Sipasue page, kupasua kuko na sauti. Nitaweka cahier yote, daftari hii yangu, kando ya machine, imefunguliwa hapa, na nitasema: Bwana dactylo, ni ya haraka.

Vital. Soma, usiniangalie. Gusa machine kidogo, kama unatengeneza Kifaransa. Huyu mbele yako alikuwa kwa phonie. Nilisema ile neno. Uliniomba, niliahidi, na niliisema, juu ya mama alitaka kaburi na miye nilikutaka. Hakuna mutu mwingine aliyekosa, ni miye. Sema ruban imekwisha, unaenda kuchukua ingine kwa kibanda ya Mama Honorine kule nyuma. Acha machine. Acha radio. Pita nyuma ya bambou, inama, usirudi kwa nyumba yako, usipite kwa Claire. Nitaketi kwa kiti yako na kumusomea barua yake, nitamuuliza kila mutu wa kusalimia, unajua miye ninaweza kuongea.

Cahier uende nayo. Utakuta ndani mambo ya masikio. Sikuiandika uisome.

Mama alikubali kweli. Alisema uje.

Anamaliza barua, anatafuta neno ya mwisho. Ninasimama.